Picha ya Kushikia Nafasi

Kila asubuhi, kabla hajaingia ofisini, Fundi alipitia wodini kumfunga mama yake kitambaa. Alikikunja pembetatu juu ya goti, akakipitisha kwenye paji la uso, akapiga fundo nyuma ya shingo, taratibu, maana ngozi ya kichwa ilikuwa inauma tangu dawa ziondoke na nywele zote. Mama hakusema neno mpaka fundo likae. Likishakaa ndipo anamwita muuguzi.

"Haya, mwanangu, njoo. Sasa mimi ni mtu."

"Mheshimiwa anapokea wageni?" muuguzi huuliza akiwa mlangoni.

"Anapokea, ila wasije na sindano nene."

Mama alikuwa mshona sare za shule, na mtaani kwao watoto wengi walivaa kazi ya mkono wake. Alipolazwa aliwaaga majirani kwamba anakwenda kukaa na dada yake, na Fundi akaachiwa kazi ya kuulinda uongo huo. "Sitaki waje kunitazama kama maiti iliyochelewa," alimwambia. Kwa hiyo watu walipomuuliza njiani, "Mama hajambo huko aliko?" alijibu hajambo, anawasalimu, kisha akapitiliza upesi kama mtu aliyeacha sufuria motoni.

Ofisi yenyewe ilikuwa ng'ambo ya ua wa hospitali, ghorofani, juu ya duka la dawa. Huko walimwita Fundi ingawa hakujua kuziba hata bomba. Kazi yake ilikuwa kupanga kurasa za jarida la mfuko unaochangisha pesa za hospitali. Jarida lilitumwa kwa wafadhili, mengine yakarundikwa mapokezi, wagonjwa wakajipepea nayo. Miaka yote jalada lilikuwa lile lile: mabwana wenye tai wamejipanga mstari, wameshika hundi kubwa kama mlango.

Mkuu wa ofisi, ambaye wote walimwita Madam, akachoka nalo.

"Hili si jarida, hii ni picha ya harusi ambayo bibi harusi kakimbia," alisema. "Lipangue lote. Nataka mtu akilishika ashindwe kuliweka chini."

Fundi akalipangua. Alibadilisha herufi, akapunguza hotuba, akazipa kurasa nafasi ya kupumua. Likabaki jalada, na mpiga picha alikuwa bado hajaleta kitu. Ili aone jina la jarida litakaaje, alihitaji picha yoyote iliyosimama wima, yenye uwazi upande wa juu. Simuni mwake ilikuwamo moja tu ya namna hiyo.

Ilikuwa ya mama. Asubuhi moja alimkuta bado amelala, kitambaa kimedondoka, mwanga wa dirishani umekilalia kichwa kisicho na unywele hata mmoja, mdomo uko wazi kidogo. Aliipiga kwa hofu tu, ile hofu ya mtu anayejua hatapata nyingine nyingi. Hakuwahi kumwonyesha yeyote. Sasa akaiweka pale kushikia nafasi, kama mtu anavyoacha koti kwenye kiti, akachapa nakala moja ya kujionea, akatoka kwenda kunawa mikono.

Aliporudi alimkuta Madam amesimama penye mashine, nakala mkononi, miwani ameipandisha kichwani.

"Fundi," alisema, sauti imeshuka. "Huyu ni nani?"

"Hiyo... hiyo ya kushikia nafasi tu, Madam. Inatoka."

"Inatoka iende wapi? Tazama mkono wangu, vinyweleo vyote vimesimama! Ni nani?"

Fundi angesema pale pale kwamba ni mama yake, labda mambo yangeishia hapo. Lakini uongo wa mtaani ulikuwa umeshamzoea kinywani.

"Ni mgonjwa mmoja wa wodi ya wanawake," akasema.

Jioni ile Madam alimtumia mwenyekiti wa mfuko jalada lile, na asubuhi iliyofuata akaingia ofisini anatembea kama mtu aliyeongezwa urefu. Mwenyekiti alikuwa amelia. Kamati nzima imekubali. Na zaidi ya hapo, picha ile ingetengenezewa bango kubwa la getini, wiki nzima ya uchangishaji, kila anayepita aione.

Geti lile watu wa mtaani kwao walipita kila siku, wengine na watoto wamevaa sare za mama.

"Madam," alisema. "Yule ni mama yangu."

Madam akaketi. Akamshika mkono, akampa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli, hata machozi yalimlengalenga. Kisha yakakauka.

"Sasa mbona ndiyo imekuwa rahisi? Nenda kamuulize. Mwambie nitaongea na daktari mkuu apewe chumba cha peke yake. Zile kelele za wodini si za mtu wa hali yake. Ila mpiga chapa anataka faili saa tisa, Fundi. Usiniangushe."

Chumba cha peke yake. Fundi alivuka ua akikifikiria: dirisha la kwake, choo cha kwake, hakuna mtu wa kukohoa ubavuni. Alipofika kitandani alikuwa karibu amejishawishi kwamba anampelekea mama zawadi.

Mama aliipokea nakala kwa mikono miwili. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Kitambaa changu kilikuwa wapi?"

"Kilikuwa kimedondoka, Mama."

"Ukaona kimedondoka. Ukatoa simu."

"Wamesema watakupa chumba chako mwenyewe. Utapumzika, utalala vizuri..."

"Nitalala vizuri na mtaa mzima uko getini unanihesabia mifupa?" Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Wewe nilikuruhusu unione. Hao wengine nimewaalika lini?"

Mama akapeleka mikono nyuma ya shingo, akalifungua lile fundo alilofungiwa asubuhi. Fundi akainuka amsaidie.

"Kaa hapo hapo."

Akalifunga mwenyewe. Likakaa kombo, pembe moja ikamwangukia sikioni, akaiacha.

"Nenda kazini," akasema, akageukia ukutani. "Utachelewa."

Aliporudi ofisini simu ya mezani ilikuwa imefunguliwa sauti, mpiga chapa anafoka kutoka kiwandani kwake.

"Madam, hii picha mliyonitumia ni ndogo mno, hata jaladani haitoshi! Nikiikuza bangoni ataonekana kama mtu yuko ndani ya chandarua. Nipeni ile yenyewe."

"Unaipata sasa hivi." Madam akakata simu, akanyoosha mkono. "Fundi, ile kubwa iko kwako. Itume."

"Mama amekataa."

"Amekataa yeye, au umekataa wewe?"

"Yeye. Na mimi pia." Akafungua kwenye kompyuta picha aliyoileta mpiga picha mchana ule: mwanamke wa magongo, amesimama mlangoni anacheka. "Huyu ameridhia, Madam. Amefurahi mwenyewe."

Madam aliitupia jicho moja. "Huyu? Mashavu haya? Huyu anaonekana ndiye anayetaka kutuchangia sisi! Fundi, mwenyekiti ameshalia. Nimwambie nini, machozi yamrudie?"

Fundi hakucheka. Simu ilikuwa kiganjani. Aliitazama ile picha: mwanga, kope zilizofumba, mdomo ule unaotaka kusema kitu. Nyingine ya mama tangu alazwe hakuwa nayo.

"Itume," Madam akasema, sasa amesimama juu yake. "Baadaye atakushukuru."

Akaifuta. Simu ikamuuliza kama ana uhakika, akabonyeza tena. Kisha akageukia kompyuta, akaifuta na humo.

Madam akainamia skrini.

"Umefanya nini wewe?"

"Nimeifuta, Madam."

"Basi na kibarua chako kimeota nyasi. Ukivuka mlango huo, usinirudie hapa."

Fundi aliweka picha ya mwanamke wa magongo kwenye jalada, akasogeza jina la jarida kidogo lisimguse kichwa, akahifadhi faili, akaacha kompyuta inawaka. Akachukua kikombe chake. Madam alimwita mara moja, kwa jina lake halisi ambalo ofisini hakuna aliyewahi kulitumia, naye hakugeuka.

Alishuka ngazi. Getini vibarua walikuwa wanasimika nguzo mbili za bango, katikati yake bado hewa tupu. Akazipa mgongo, akavuka ua kuelekea wodini, bila kujua kama leo ataruhusiwa kukigusa kitambaa.

Sweta lake lilibaki mgongoni mwa kiti kule juu, na hakurudi kulifuata.