Undugu wa Chumba cha Nyuma

Mama Pasi hakuwa mtu wa uongo. Waliofanya naye kazi chumba cha kufulia cha hospitali wangekuapia hivyo, hata wale waliokuwa hawampendi kwa mdomo wake. Alisema uongo mmoja tu wa maana maishani, akausema ngazini akiwa na beseni la nguo kiunoni, tena akicheka. Wapo watu wanaodanganya asubuhi na jioni na wanazeeka kwenye nyumba zao. Yeye wa kwake ulikuwa mmoja, na ukamtosha.

Jina hilo la Pasi alipewa kazini. Miaka ishirini na miwili alisimama palepale, mbele ya meza ileile, akinyoosha mashuka ya wodi na makoti ya madaktari. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na alama za kuungua zimepandana kuanzia kifundo mpaka kiwiko. Shule hakuipata. Baba yake alisema mtoto wa kike akijua kuhesabu vijiko vya nyumbani inatosha. Akiwa mtu mzima alijifunza kuandika jina lake na kusoma namba za wodi kwenye pindo za mashuka, akaishia hapo.

Nyumba aliyokuwa akipanga ilikuwa ghorofa ya tatu: vyumba viwili, sebule, jiko la kugeukia mtu mmoja, na kiroshani cha kuanikia nguo. Aliingia humo na mumewe. Mume alitoka siku moja kwenda kushonesha viatu, na mpaka leo hivyo viatu havijaisha kushonwa. Mkataba ukaandikwa upya kwa jina la mke. Siku aliyoweka saini, Mama Pasi alijiona kama ameolewa mara ya pili, na safari hii kwa mume asiyekuwa na miguu.

Kisha hospitali ikaleta mashine ya kunyooshea mashuka, na wanawake wa pasi wakapunguziwa zamu. Kodi haikupunguzwa. Chumba cha nyuma kilikuwa kitupu, kina kabati bovu na mafagio. Ng'ambo ya geti la hospitali kulikuwa na saluni, na ndani yake msichana msusi aliyekuwa akilala kwa rafiki yake, kitanda kimoja watu watatu. Mama Pasi akaona shida mbili zinaweza kufaana.

Alimwendea kwanza Mwalimu wa ghorofa ya kwanza, mzee mstaafu aliyenunua nyumba yake kwa kiinua mgongo na kuishi humo na vitabu vyake, chumba kimoja akimpangisha fundi simu.

"Omba ruhusa," Mwalimu akamwambia. "Mkataba wako unasema hupangishi mtu chumba bila ruhusa ya maandishi ya mwenye jengo. Mimi nitakuandikia barua sasa hivi."

"Na akikataa?"

"Akikataa utakuwa umejua."

"Mwalimu, wewe chumba chako kimoja si anakaa yule fundi simu? Ulimwomba nani?"

"Sikumwomba mtu. Nyumba yangu, na ninaishi humu. Nikipangisha chumba naijulisha kamati ya jengo jina la mtu, yamekwisha. Wewe ni mpangaji, mama. Sheria yako ni nyingine."

"Haya. Kumbe hata vyumba vina wakubwa na wadogo."

Mzee akacheka, akatafuta kalamu. Lakini Mama Pasi alikwisha inuka. Aliogopa barua. Maisha yake yote karatasi ilikuwa kitu kinacholetwa na watu wa kukunyang'anya. Aliona ukimwuliza mkubwa jambo, umempa nafasi ya kusema hapana, na mtu ambaye hajaulizwa hawezi kukataa.

Msusi akahamia na begi moja na kioo kirefu. Wiki ya pili wakala wa mwenye jengo, mtu mnene wa kuhema kila ngazi tano, akawakuta wawili wanapandisha nguo.

"Huyu nani?"

Hapo ndipo uongo ulipotoka, bila hata kubisha hodi. "Mdogo wangu."

"Mbona hamfanani?"

"Yeye kamfuata baba. Mimi nimezifuata shida."

Wakala alicheka mpaka akashika ukuta. "Ndugu hana neno. Ndugu wa damu haombewi ruhusa." Akatoa kijitabu, akaandika mstari mmoja, akaendelea kupanda. Msusi akambana Mama Pasi ubavu kwa kiwiko. "Asante, Dada." Wakaingia ndani wakicheka kama wezi wa sukari.

Miaka minne jengo zima liliwajua kuwa dada na mdogo wake, na uongo ukisemwa miaka minne unaota mizizi kama ukweli. Jumapili Msusi alimsuka bure. Mama Pasi alikaa chini, kichwa katikati ya magoti ya yule binti, na kwa kuwa mtu anayesukwa hana la kufanya ila kusema, alisema. Alimsimulia mama yake. Alimsimulia kidole cha mama kilichokatwa na panga la kukatia majani, na jinsi mama alivyowatania wageni kuwa amekiweka akiba ya uzeeni. Alisimulia wimbo wa mama wa kubembelezea, ambao ulikuwa na maneno ya matusi. Msusi, ambaye mama yake alimwacha akiwa wa kutambaa, alikuwa akiacha kusuka akasikiliza, chanuo kimesimama hewani.

Kisha mama huyohuyo akapooza upande mmoja, kwao mbali, safari ya siku mbili. Mama Pasi aliomba likizo bila malipo. Alimwachia Msusi ufunguo na akiba ya kodi. "Wiki tatu," alisema. Lakini mgonjwa hana kalenda. Ikawa miezi minane ya kugeuza, kuosha na kulisha kwa kijiko, mwishowe ikawa kuzika. Alizika peke yake, maana hakuwa na kaka wala dada. Akarudi na begi lake na kanga mbili za marehemu.

Ufunguo haukuingia. Kitasa kilikuwa kipya, kinang'aa.

Msusi akafungua. Alikuwa amenenepa kidogo, na sebule ilikuwa na kochi ambalo Mama Pasi hakulijua. Alimpa pole nyingi, akalia machozi ya kweli. Kisha akasema, macho yakiwa chini:

"Dada, mambo yamebadilika kidogo. Wakala alikuja mwezi wa saba tangu uondoke. Akasema mpangaji haonekani miezi sita, hajaaga, nyumba inafungwa. Nikamwambia mimi mdogo wake. Akasema basi sheria inamruhusu ndugu wa damu aliyekuwa akiishi humo kuandikishwa badala yake. Akaniletea karatasi."

"Ukasaini?"

"Ningefanyaje? Vitu vyako vingetupwa nje, na mimi juu yake."

"Na mimi nimerudi. Mwambie aifute."

Msusi alizungusha pete kidoleni. "Mkataba ni wangu sasa. Kodi nimelipa mwenyewe, akiba yako iliisha zamani. Lakini sikufukuzi, nani kasema nakufukuza? Chumba cha mbele ndimo ninamolala. Utakaa cha nyuma, au hapa kwenye kochi. Karibu, Dada. Hapa ni kwako."

Hakuna neno linalochoma kama karibu unapoambiwa mlangoni kwako. Mama Pasi aligeuka na begi lake, akalala kwa mwenzake wa kazini, na Jumatatu akamfuata Mwalimu. Safari hii barua iliandikwa, ya malalamiko kwa baraza la nyumba.

Baraza la nyumba lilikutana kwenye ukumbi mdogo wenye viti vya plastiki na feni iliyokuwa ikigugumia. Mwenyekiti alikuwa mwanamke wa makamo, miwani kwenye pua, sauti ya mtu aliyechoka kusikia vilio. Wakala alikaa pembeni kwa niaba ya mwenye jengo. Alitoa kijitabu chake akasoma: tarehe fulani, ghorofa ya tatu, mpangaji anaishi na mdogo wake, chumba cha nyuma. Majirani wawili wakathibitisha. Mwalimu alipoulizwa alisema kwa taabu kwamba anachojua ni kuwa mama alitaka kupangisha chumba, barua haikuandikwa, na baadaye akasikia aliyeingia ni mdogo wake. Hakuona vyema kuuliza.

Mwenyekiti akamgeukia Msusi. "Unasema mpangaji huyu ni dada yako wa tumbo moja?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Niambie habari za mama yenu."

Msusi hakusita. "Alikuwa na kidole kimoja pungufu, mkono wa kulia. Kilikatwa na panga. Alikuwa akituambia amekiweka akiba ya uzeeni." Watu wakacheka kidogo. "Na alikuwa na wimbo wa kutulaza, una matusi. Siwezi kuuimba hapa."

Akituambia. Kutulaza. Mama Pasi aliyasikia maneno hayo yakipita moja moja, kama mtu anayetazama vyombo vyake vikitolewa nje na mgeni. Yule binti alikuwa amevichukua vyote, na alivibeba vizuri, bila kuvunja kimoja. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba sauti yake ilitetemeka. Labda naye alikwisha amini.

Mwenyekiti akavua miwani. "Mama, nisikilize vizuri, maana nitauliza mara moja. Kama huyu ni mdogo wako, mkataba wake ni halali. Wewe utakaa humo kama ndugu yake, na hakuna atakayekutoa bila ridhaa ya baraza hili. Kama si ndugu yako, mkataba wake ni wa udanganyifu, unafutwa. Lakini hapo wewe utakuwa umepangisha chumba bila ruhusa na kumdanganya wakala. Wa kwako pia unavunjika. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Nikisema uongo nina pa kulala."

"Sikusema hivyo."

"Hukusema, Mheshimiwa. Ila ndivyo ilivyo."

Wakala alikuwa ameacha kuhema. Macho yake yalikuwa yakihesabu nyumba tupu, rangi mpya, kodi mpya. Msusi aliinama upande wake, akanong'ona, na kunong'ona kwake kulijaa hofu: "Dada, sema tu. Tutaelewana nyumbani. Nitakurudishia chumba chako cha mbele. Sema tu."

Huenda angekirudisha. Ni jambo jepesi, watu wangesema. Neno alilokwisha lisema mara elfu ngazini, sokoni, dirishani. Miaka ishirini ya kuta zile ilikuwa pale mezani, na bei yake neno moja. Mama Pasi alitazama mikono yake. Mikono hiyo ndiyo iliyomgeuza mama miezi minane ili mgongo usichubuke. Usiku ule wa mwisho hapakuwa na mdogo mtu upande wa pili wa kitanda. Hapakuwa na mtu.

"Si ndugu yangu," akasema. "Mama yangu alizaa mara moja. Alinizaa mimi, na nimemzika mwenyewe. Nyumba andikeni mnavyotaka."

Mwenyekiti aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasoma: mikataba yote miwili imevunjwa, wakazi wote wawili watoke ndani ya siku thelathini, na katika siku hizo mwenye jengo asimguse yeyote. Alipomaliza akafunga jalada, akasema kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na jirani:

"Mama, kwa nini hukuomba ruhusa tangu mwanzo? Mpangaji anayeishi mwenyewe ndani akitaka kupangisha chumba kimoja, mwenye nyumba hawezi kukataa bila sababu nzito. Na akikaa kimya mwezi mzima, kimya chake ni ruhusa. Karatasi moja tu. Leo ungekuwa na mkataba wako na huyu angekuwa mpangaji wako."

Mama Pasi alimtazama. "Hilo nalo mnalisema lini, Mheshimiwa? Mtu akishazama ndiyo mnamfundisha kuogelea?"

Mwalimu alitazama viatu vyake. Wakala akawa wa kwanza kutoka, na ngazi za kushuka hazikumhemesha.

Walirudi njia moja, maana nyumba ni moja, mmoja mbele na mwingine nyuma hatua kumi. Ghorofa ya pili Msusi akashindwa kuvumilia.

"Umefurahi sasa? Umetutoa wote! Ungekuwa na kwako, nami ningekuwa na kwangu. Ni neno tu, Dada, neno lako mwenyewe!"

"Usiniite dada."

"Nikuiteje basi?"

"Kwa siku thelathini hizi huna haja ya kuniita."

Msusi alifungua kile kitasa kipya, akasimama kando ya mlango akilia kimyakimya, na hakuna aliyesema karibu. Mama Pasi alipita sebuleni bila kulitazama kochi, akaingia chumba cha mbele. Nguo za binti zilikuwa zimetundikwa ukutani kote, kwenye misumari aliyoipigilia Mama Pasi mwenyewe mwaka aliohamia. Alizitungua moja moja. Alitaka kuzitupa sakafuni. Lakini mikono yake haikujua kutupa nguo. Ilizikunja, mkono juu ya mkono, pindo juu ya pindo, mpaka zikawa rundo lililonyooka. Akalibeba mpaka chumba cha nyuma, akaliweka juu ya kabati bovu.

Kisha akarudi, akafunga mlango, akatandika kitanda chake. Siku zilikuwa thelathini, na alikuwa na nia ya kuzilala zote humo.