Nywele na Kucha za Onome

Siku niliyomwona Onome kwa mara ya kwanza alikuwa amepiga magoti kwenye marumaru ya sebule yetu, mbele ya mama yangu, na hakuna aliyejua namna ya kumwinua.

Nilikuwa ndiyo kwanza narudi kutoka kambini Al Mintirib, ninakoendesha gari la kuwapandisha watalii vilima vya mchanga. Nikasimama mlangoni, viatu mkononi. Dada yangu Mazoon, aliyeolewa Nizwa, ndiye aliyemwagiza kwa wakala aje kumtunza mama pale Bidiya, hapa Oman. Alikuwa anamhimiza kwa Kiarabu ainuke, na yule mwanamke haelewi. Alikuwa mtu mzima, mpana wa mabega, nywele zimesukwa vizuri. Alisema neno moja tu, "Migwo," akainamisha kichwa, akangoja.

"Ana nini huyu?" mama akauliza. "Kaangusha kitu?"

"Labda anaumwa magoti," Mazoon akasema.

"Anayeumwa magoti ayapige kwenye marumaru?"

Mama, Bi Sheha, alizaliwa Tabora, na mpaka leo mtoto asiyempa shikamoo hapewi hata tende. Alimtazama mgeni yule, kisha akamnyoshea mkono. "Marahaba, mwanangu. Inuka." Onome akainuka.

Alipojifunza Kiswahili chetu alitueleza. Yeye ni Muurhobo, wa kijiji kilicho mbele ya mji wa Ughelli, Naijeria, alikowaacha watoto wake. Kwao mdogo humpigia magoti mkubwa akisema "Migwo", na hainuki mpaka ajibiwe "Vrendo", yaani simama. Mama alilipenda neno hilo kuliko dawa zake zote. Kila asubuhi Onome aliingia chumbani, akapiga magoti, na siku nyingine mama akalizuia jibu kwa makusudi.

"Leo sikuinui mpaka useme nani kamaliza halua."

"Mimi, Mama."

"Vrendo, mwizi wewe."

Mimi hakunipigia magoti, maana umri wetu ulikaribiana. Alinitania tu. Mimi si msemaji. Darasa la saba nilimaliza Tabora, kabla hatujahamia huku, bila kunyosha kidole hata mara moja. "Mama," Onome aliuliza mezani, "huyu ulimzaa na ulimi?"

"Nilimzaa nao. Aliusahau Tabora."

Alipika chakula cha kwao kwa wanga wa muhogo alioununua dukani kwa Mhindi, akausonga na mafuta ya mawese mpaka ukawa wa manjano na kuvutika. Mawese alikuwa akiletewa na mwanamke wa kwao anayefanya kazi Sur. Mama alikula akasema huu ni ugali uliovaa dhahabu.

Kisha baba yake Onome akafa.

Kwao mzee akifa mazishi ni shughuli kubwa. Kila mtoto hutoka na kundi lake la wachezaji, wakwe huja na vinywaji vyao, mabinti hufunga vitambaa viwili kiunoni na kuvaa shanga za marijani. Onome alikuwa binti wa kwanza. Wakala alikuwa na pasi yake, akasema mkataba haujaisha. Mazoon alimpigia simu, akamwomba, akamtukana, haikusaidia. Mimi nilikwenda mpaka ofisini kwake, nikakaa kwenye kiti cha wateja mpaka wakafunga.

Siku ya mazishi Onome aliegemeza simu kwenye ndoo uani, akafunga kanga mbili za mama, akacheza peke yake akitazama kundi la wadogo zake kwenye kioo. Alicheza polepole, ameinama kidogo, mikono mbele. Mama aliketi kwenye kiti chake akipiga makofi kwa wimbo asioujua. Mtandao ulipokatika, Onome aliendelea kidogo, kisha akaketi chini.

"Binti wa kwanza asipoonekana," alisema, "watu huuliza kama na yeye amekufa."

Hakukaa sana baada ya hapo akaanza kukonda. Maumivu ya tumbo alikuwa ameyaficha muda mrefu, akidai ni uchovu. Tulipompeleka hospitali Ibra, daktari alimlaza, akatuambia uvimbe umeshasambaa. Pasi ilipatikana, lakini sasa hakuna ndege iliyokubali kumchukua katika hali ile. Wakala aliacha kupokea simu. Kusafirisha maiti mpaka Naijeria hatukuwa na uwezo, na Onome alilijua hilo kabla hatujathubutu kulisema.

Ndipo akamwomba mama kitu. Kwao, alisema, mtu akifia mbali na mwili ukashindikana kurudi, hukatwa nywele na kucha. Hizo ndizo zinazopelekwa nyumbani, zikazikwa kama mwili, kwa nyimbo na desturi zote, karibu na wazazi wake.

"Nizikwe hata wapi," alisema, "lakini zile ziende. Kwa baba sikufika. Nisipofika na sasa, nitabaki njiani."

Mama alishika tasbihi yake. "Mwanangu, maiti hakatwi kitu. Kwetu ni makosa. Siwezi mimi, wala sitamtuma mtu."

Onome aligeukia ukutani.

Kabla ya kugeuka alinitazama na mimi, najua. Lakini mimi ni mwanamume si ndugu yake, nisingemgusa. Na kwenda kuwaomba wauguzi jambo kama lile, yeye mwenyewe alijua nisingefika hata kwenye meza yao.

Mama alirudi nyumbani, hakula. Aliuliza shehe, akajibiwa vilevile alivyojua. Siku alizokwenda hospitali alikaa kando ya kitanda, na Onome hakusema "Migwo". Kisha asubuhi moja mama aliniambia nimtafutie kile kikatio cha kucha ambacho Onome alimkatia nacho kila Alhamisi, na mkasi wa cherehani.

"Maiti sikati," alisema alipofika kitandani. "Wewe bado uko hai. Lete mkono."

Mikono ya mama inatetemeka. Alifumba jicho moja, akakata kucha kidole kimoja kimoja, na kwenye dole gumba akamtoa damu.

"Mama! Umeona? Kweli mimi si maiti."

"Nyamaza. Umeniibia halua yangu, nami nakutoa damu."

Kisha akamkata misuko ya nyuma, akavifunga vyote kwenye kipande cha kanga yake. Ilikuwa mara ya mwisho kuwasikia wakicheka pamoja.

Jioni ile Onome alimpigia kaka yake mkubwa, Mudiaga, ambaye sasa ndiye kichwa cha ukoo wao. Walizungumza kwa lugha yao. Niliona uso wake ukishuka.

"Anasema nywele za mtu aliye hai ni uchafu wa saluni," alitueleza. "Wazee hawatazichimbia kaburi. Lazima zitoke kwa maiti."

Mama alikitazama kile kifurushi. "Wao wana lao, sisi tuna letu," alisema, "na wewe umelala katikati."

Onome alifariki asubuhi, kabla mama hajafika. Alizikwa Maskati, kwenye makaburi ya Wakristo. Tulikuwa mchungaji, watu wachache wa kwao, na mimi.

Nilimpelekea kifurushi yule mwanamke wa Sur, aliyekuwa anarudi kwao likizo. Alinifungulia mlango, akampigia Mudiaga pale pale, akaweka sauti ya juu, akanitafsiria. "Anauliza, alikatwa lini? Alikuwa ameshakufa?"

Nilitazama viatu vyangu. Kwenye simu jogoo alikuwa anawika, uani kwao. Mwanamke wa Sur alingoja, Mudiaga alingoja. Sikufungua kinywa. Mwishowe sauti ya Mudiaga ikakatika, akasema kitu akilia.

"Anasema basi, usijilazimishe," akatafsiri. "Anaona msiba umekuzidi."

Walimzika. Tuliletewa video. Jeneza dogo, wanawe na makundi yao ya wachezaji, vitambaa viwili viwili, marijani shingoni. Mama aliitazama mpaka mwisho, akanirudishia simu, akalala na mchana ulikuwa bado. Siku hizi akiamka hutazama mlango kwanza. Ninaandika haya kwa Kiswahili, ambacho kule kwao hakisomwi.

Maana jioni ile ya simu mama alipokwenda kutawadha, nilibaki nimesimama miguuni mwa kitanda. Onome aliniita kwa kidole. Sauti ilikuwa imekwisha, ikabidi niiname. Alinisukumia kile kifurushi, akasema yeye akishakufa nimpe yule wa Sur, na kwamba lazima ndugu zake wataniuliza zilikatwa lini.

"Niseme nini?" nikamwuliza.

Alicheka kidogo, midomo imekauka.

"Nasr, wewe miaka yote hujui kusema. Usianze sasa."