Doli na Beseni la Mashati Meupe

Doli lilikuja na nguo. Mama yangu alikuwa akiuza mitumba ya watoto sokoni Kitale, na kila aliponunua beli mpya aliipeleka kwanza nyumbani kwetu Kibomet, aifungue kwa utulivu na kuchagua zile nguo nzuri kabisa ambazo wauzaji wenzake waliziita kamera. Mimi na mdogo wangu tulikaa kando tukingoja kisu kikate mikanda. Mara nyingi kilichotoka ni ile harufu ya dawa ya nondo na suruali za watoto wa watu tusiowajua. Siku hiyo, katikati ya sweta mbili, ulitoka mguu.

Mama alipiga yowe, kisha akauvuta akaanza kucheka. Kilikuwa kimwanamke cha plastiki chenye nywele za manjano mpaka mgongoni, na kiuno ungekizungushia vidole viwili na bado vidole vikapishana. Visigino vyake vilikuwa juu kama vya mtu anayechungulia dirishani, kwa hiyo hakikuweza kusimama chenyewe. Kilikuwa na matiti.

"Huyu hajakula tangu azaliwe," mama akasema, akanirushia.

Nilikuwa na miaka kumi. Nililidaka doli lile, na tangu hapo sikutaka mtu mwingine aliguse.

Mdogo wangu alikuwa na miaka sita. Kwa siku kadhaa alinifuata chumbani, uani, hadi mlangoni mwa choo, mikono ameinyoosha. Nishike kidogo tu. Nishike nywele tu. Alasiri moja nilichoka na huo wimbo wake, nikamwambia kwamba doli hili halipendi kushikwa na mikono myeusi. Likishikwa na mtu mweusi litamchukia. Angoje awe mweupe kwanza, ndipo nitampa. Nilisema vile mtu anavyofukuza kuku jikoni, bila hata kugeuka. Yeye aliitazama mikono yake, upande wa juu, kisha viganja, kisha upande wa juu tena. Hakulia. Ningejua yaliyokuwa yakija, ningemwomba alie.

Nitasema ukweli, maneno hayo sikuyatunga mimi. Nyumbani kwetu yaliokotwa sakafuni. Baba yangu ni wa wale watu ambao wazazi wao walihama kutoka Kenya ya kati wakaja kulima Trans-Nzoia, na mimi nilichukua rangi yake, maji ya kunde. Mama ni Mbukusu wa upande wa Chwele, Bungoma, na mdogo wangu alitoka mweusi tii kama nyanya yetu wa huko. Basi kila mgeni aliyeingia kwetu lazima angetupanga. "Huyu mkubwa ni wa baba. Na huyu mwingine, ati mlimtoa Bungoma pamoja na makaa?" Watu walicheka, na mama alicheka nao akimimina chai. Lakini ulimi hauna mfupa, na wa kwangu ulikuwa umesikiliza vizuri.

Kuhusu nyanya huyo, ambaye tulimwita Kukhu kama wajukuu wote wa Bungoma, kuna jambo la kueleza. Kwa watu wa baba, binti wa pili hupewa jina la mama yake mama, hata kama nyanya mwenyewe yuko hai na anachimba viazi. Kwa watu wa Kukhu, jina hungoja mwenyewe afe kwanza. Alipoletewa habari kwamba mtoto kapewa jina lake, Kukhu aliuliza, "Kwani mnataka nife lini?" Alikataa kuja Kitale miezi mitatu. Alipokuja na kumpakata yule mtoto, akaona uso wake mwenyewe ukimtazama, yakaisha. Tangu siku hiyo alimwita wajina, na hakuna mtu mwingine duniani aliyemtania sana na kumpenda sana hivyo. Akinunua ndizi Chwele, ya kwanza ilikuwa ya wajina.

Doli, wakati huo, lilikuwa limeanza kuleta maneno. Alhamisi mchana akina mama wa kanisa walikuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba kwa maombi, na zamu yetu ilipofika, mwalimu wa kwaya akaliona juu ya kochi. Alilishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa.

"Ati doli gani iko na matiti?" akauliza. "Mtoto anabeba mtoto mgongoni, tunajua. Sasa hii anabeba nini? Mama mzima?"

Miaka hiyo habari za watu wa shetani zilikuwa kila mahali. Shule fulani imeingiliwa, mkufu fulani umepatikana kwenye beli, msichana fulani wa Kimilili amevaa kiatu cha mtumba mguu ukafura. Hakuna aliyemjua huyo msichana, ila kila mtu alijua mtu aliyemwona. Kwa hiyo doli letu halikuhitaji kufanya lolote. Lilikuwa limetoka mbali na lilikuwa linatabasamu.

Mama mmoja tu alibisha. Alikuwa mwalimu wa nasari, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo. "Si ni plastiki tu, bana," alisema. "Mimi shetani wa plastiki simuogopi. Naogopa hawa watoto wataanza kujiona wabaya. Pale nasari wasichana wangu wakichora mama, wanamchora na nywele ya manjano. Hiyo ndiyo tuombee."

Mwalimu wa kwaya akamuuliza kama siku hizi bado anasoma Biblia. Mazungumzo yakarudi kwa shetani. Mimi nilikuwa nimesimama pale na sinia ya vikombe. Neno la kweli lilisemwa sebuleni kwetu, nikalisikia kwa masikio yangu mawili, nikaenda kuosha vikombe.

Ilikuwa likizo ya Agosti, na Agosti mama alikuwa na kazi yake maalumu. Katika kila beli alitenga mashati meupe, akayakusanya, ili shule zikikaribia kufunguliwa awauzie wazazi. Yalikuja yamepata manjano kwenye kola na kwapani. Aliyaloweka kwenye beseni kubwa nyuma ya nyumba, ndani ya bafu letu la mabati, akatia dawa ya kung'arisha nguo, ile kali inayochoma pua. Mdogo wangu, ambaye siku zote alikuwa wa kukimbia nje, ghafla akawa hataki jua. Alikaa bafuni na mama, akigeuza mashati kwa kijiti. Mama alifurahi, akasema huyu ndiye atakayerithi biashara.

Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kizingiti cha jikoni nikilisuka doli nilipowasikia.

"Mama, mbona shati inaingia chafu inatoka nyeupe?"

"Dawa inakula uchafu."

"Na ikikaa sana?"

"Ikikaa sana, ama ukitia nyingi, inakula shati pia. Inararuka yenyewe. Usiguse na mkono."

Siku zilizofuata alinuka dawa. Mama pia alinuka dawa, nyumba nzima ilinuka dawa, kwa hiyo hakuna aliyejali. Alianza kuvaa sweta mchana. Usiku tulilala kitanda kimoja, nikamsikia akijikuna mikono polepole, kwa siri, kama mtu anayekula sukari ya wizi. Asubuhi moja jiwe letu la kusugulia miguu lilikosekana, baba akalitafuta huku akigomba, na jioni likarudi mahali pake. Niliyaona hayo yote. Nilikuwa na doli peke yangu, hakuna aliyeniomba tena, na raha hiyo ilinifumba macho.

Jumatano wakati wa chakula mama alitangaza kwamba amechoka kusemwa kanisani. Kesho akina mama watakuja, wataomba, na hicho kitu kitachomwa. Baba, ambaye alikuwa ameshasema kichomwe tangu wiki ya kwanza, aliendelea kula. Mimi nililia. Mdogo wangu aliweka kijiko chini.

"Kesho saa ngapi?" akauliza.

"Mchana, baada ya maombi. Kwani una haraka ya nini?"

Alikuwa anahesabu kitu kichwani, midomo ikitikisika.

Walikuja saba. Waliomba muda mrefu, kisha wakatoka uani, wakawasha magunzi ya mahindi, mwalimu wa kwaya akalitupa doli ndani huku akipaza sauti, "Shindwa!" Nywele ziliisha kwanza. Uso ukavimba, ukaporomoka, moshi mweusi ukatuandama kila tulikohamia. Waliimba na kupiga makofi kwa nguvu hata mbwa wa jirani akajibu. Nililia kwa hasira, na katika hasira yangu nikamtafuta mdogo wangu. Niliamini amejificha mahali anafurahi, kwa sababu sasa hakuna aliyekuwa na doli. Nilitaka nimfinye.

Nilimkuta bafuni. Mashati ya mama alikuwa ameyatoa yote, akayarundika matopeni. Alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni, mikono imezama mpaka viwikoni, chupa ya dawa iko tupu kando yake, jiwe la miguu liko mkononi. Macho yalikuwa yanamwaga machozi lakini hakutoa sauti, meno yamebana kola ya sweta. Aliitoa mikono majini anionyeshe. Haikuwa myeupe. Ilikuwa myekundu kama nyama buchani, na kwenye mkono wa kushoto ngozi ilikuwa inaning'inia.

"Wamekachoma tayari?" aliniuliza. "Nilikuwa nataka kukashika mara moja tu."

Nilipiga kelele. Nje walikuwa wanaimba. Nilipiga tena na tena, mpaka yule mwalimu wa nasari akatokea mlangoni. Alinyakua mtungi wa maji safi akaanza kumwagia ile mikono, mtungi baada ya mtungi, mimi nikimletea, na ndipo mdogo wangu alipoanza kulia. Sijawahi kusikia kilio cha namna ile tena, na ninaomba nisikisikie.

Alilazwa hospitalini Kitale. Kukhu alifika siku ya pili kutoka Chwele, leso kichwani, mkungu mdogo wa ndizi mkononi. Ndizi aliziweka chini na kuzisahau. Tulikuwa wote pale, baba, mama, mimi na mwalimu wa kwaya aliyekuja kuombea. Kukhu aliketi ukingoni mwa kitanda, akakunja mkono wa gauni lake, akaulaza mkono wake mweusi uliokunjamana kando ya ile mikono iliyofungwa bandeji.

"Wajina," alisema. "Hii ngozi ni yangu. Mimi ndio nilikupatia. Nani alikuambia ni mbaya?"

Mdogo wangu alinitazama. Hakuniangalia kwa hasira. Aliniangalia vile alivyokuwa akiniangalia siku zote akiomba ruhusa, na mimi nikatazama sakafu. Akageuka akamwambia Kukhu, "Ni kale kadoli. Kalisema."

"Haleluya," akasema mwalimu wa kwaya. "Kikulacho ki nguoni mwako. Kalitoka kwenye nguo!"

Mama akaangua kilio. Baba akasema yeye alisema mapema. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye benchi, na sikufungua mdomo.

Habari hiyo ikawa ushuhuda. Ilisemwa kanisani kwetu, ikavuka ikasemwa Kimilili na Bungoma mjini, jinsi doli lilivyonena na mtoto kwa sauti ya mtu. Wazazi walichoma madoli, hata yale ya vitambaa yasiyo na kosa. Mwalimu wa nasari alihama kanisa. Mama alinunua chupa nyingine ya dawa wiki iliyofuata, kwa kuwa shule zilikuwa zinafunguliwa na mashati yalikuwa bado manjano, ila bafu akaliwekea kufuli. Kukhu aliishi miaka mingine minne. Kila tulipomtembelea alimuuliza wajina lile swali kwa njia nyingine, na kila mara alijibiwa doli. Sidhani aliamini. Siku moja, akichambua maharagwe, alinitazama mpaka nikaondoka.

Mdogo wangu sasa ni mwalimu, anafundisha Bungoma. Joto la kule unalijua, lakini huvaa mikono mirefu mwaka mzima. Chini ya mikono hiyo kuna mabaka, mengine meupe kama alivyotaka. Hatujawahi kulizungumzia jambo hili. Nimeanza mara nyingi, nikaishia kumuuliza mvua inaendeleaje huko.

Krismasi iliyopita alikuja kwangu. Binti yangu ana miaka sita, na baba yake alikuwa amemnunulia doli dukani, la kiuno kilekile, nywele zilezile. Nilitaka kukataa, nikakosa la kusema bila kusema yote. Mtoto alimkimbilia mgeni wake kabla hajaketi, akamnyooshea. "Anti, shika! Shika, ni kazuri!"

Dada yangu ni mtu mzima wa miaka zaidi ya thelathini. Alinitazama kwanza, akangoja, kabla ya kunyoosha mkono.