Mchele wa harusi na kimya cha dada yangu

Jamani, leo nimeaibika mbele ya Kisauni nzima!

Juzi tulikaa kina mama kuchagua muuzaji wa mchele wa harusi ya mwanangu.
Wauzaji watatu.
Huyu asema wa kwanza afadhali, yule asema wa pili si mbaya.
Alipotajwa wa tatu, Athumani, mkwe wa dada yangu Rehema, Rehema akanyamaza.
Nikasema kimya ni ridhaa, tumchukue huyo.

Leo kaseti ya taarab yalia uani, wageni wako mlangoni, twafunua sufuria...
Wali wanuka uvundo!

"Rehema, ulijua?"
"Nilijua."
"Mbona usinene?"
"Weye! Nimseme mkwe wangu mbele za watu?"

Nambieni wenzangu, ningejuaje?

Ila kuna jambo lanikera zaidi.
Siku tulipomuuliza bintiye Rehema kama amtaka Athumani, naye alinyamaza.
Tukapiga vigelegele.