Dada wa Simu

Vijana waliopona saratani humwita Dada wa Simu, ingawa wengi hawajawahi kumwona. Ni muuguzi ninayekaa naye ofisi moja. Sauti yake ndiyo iliyorekodiwa kwenye programu ya simu inayowauliza kila asubuhi: "Umeamkaje leo? Una homa? Moyo umetulia?" Tangu airekodi huongea kwa kunong'ona, amefunika mdomo kwa vidole vyenye harufu ya spiriti, kama anayeogopa kumwamsha mtoto.

Juzi asubuhi nilijua sababu. Tukiwa kwenye foleni dukani alijisahau, akamsalimu mwenye duka kwa sauti kamili: "Umeamkaje leo?" Binti aliyekuwa mbele yetu, tusiyemjua, akanyooka kama mwanafunzi aliyeitwa jina. Akajibu huku akiutazama ukuta: "Nimeamka vizuri, Dada. Sina homa. Ila naogopa ugonjwa utarudi."

Muuguzi, aliyekuwa amejifunika mdomo tena, akashusha mkono. "Hata mimi huogopa, mdogo wangu," akasema.

Binti akatoa simu mkobani, akaitazama. Ilikuwa imezimwa. Ndipo akageuka polepole, akamgusa muuguzi shavuni kwa ncha ya kidole, kama mtu anayepima joto la pasi.

"Kumbe upo," akasema.