Kidole cha Bi Lamis

Kibokoni nzima hakuna mkono ushonao kofia ya vito, vile vitundu vya kudarizi, kama wa Bi Lamis. Abishaye na alete kofia yake tuione. Wala hakuna mkono mwepesi wa kugawa kama huo. Akipika mbaazi, jirani hula. Basi sindano ilipomchoma kidole kikaiva usaha, akapewa vidonge, na uchungu ulipotulia, alifanyaje? Vilivyobaki alivitia kisahanini, akavifunika kawa, akampelekea Naomi wa ghorofa ya juu aliyekuwa akikohoa. "Meza, mwanangu. Mimi vimenifaa."

Kidole kikavimba upya hadi kiganjani. Daktari akasema kikikataa dawa safari hii, kitakatwa. Na ndicho cha kushikia sindano! Mumewe, Mzee Jaffar, bingwa wa kujua kila jambo, siku hiyo kazi yake ilikuwa kumshikia mkoba tu.

Muuguzi Mwende akavuta kiti. "Mama, kijidudu huvaa koti la wavu. Ndani mna protini, ndio mafundi wake wa kufunga nyuzi. Dawa hujifanya ncha ya uzi. Fundi akiishika, imemnasa, hashoni tena. Koti hutatuka, maji yakaingia, kijidudu kikapasuka."

"Na nilipoacha?"

"Walishakufa wale dhaifu. Wakabaki sugu, wakazaana."

Bi Lamis akashusha pumzi. "Na mimi kofia nusu simpi mtu! Je, Naomi, jirani niliyempa vilivyobaki, ana mafua?"

"Asivimeze. Mafua huletwa na virusi, na virusi havivai koti hilo."

Akapewa dawa nyingine, kali zaidi. Jaffar akawa ndiye mpishi wa uji na mlinzi wa vidonge. Tangu waoane hajapata kuswali Idi bila kofia mpya ya mkono wa mkewe, na ya mwaka huu ilikuwa imelala nusu. Akaichukua yeye, akatunga uzi.

"Mume wangu, hivi ni vito au macho ya kaa?"

"Nyamaa, bibi. Meza dawa."

Alimeza mpaka cha mwisho. Daktari akakikunja kidole, kikakunjika. Habari ya kisu ikafa hapo.

Asubuhi ya Idi Bi Lamis akanyoosha mkono. "Lete nifumue hayo maajabu yako, usiniaibishe." Jaffar akaivaa kofia upande, akatoka mbio kabla hajashikwa kanzu. Mlangoni mwa msikiti, kila aliyempa mkono aliambiwa, hata asiyeuliza: "Hii? Tumeshona wawili."