Nimehamia laptop mpya, video ya marehemu Baba Neema nimeifuta kwenye ya zamani

Wakuu, salamu kutoka Kalangalala, Geita. Sijaongeza chumvi hapa. Natamani yangekuwa uongo.

Mimi ni editor wa video za sherehe, nimejifunza mwenyewe mtandaoni. Nina ugonjwa mmoja: kazi yangu hainiridhishi.

Mwaka jana nilirekodi ubatizo wa Neema, mtoto wa jirani. Baba yake, mchimbaji mdogo, alishika mic amwombee mwanaye, akasahau maneno, akacheka hadi watu wote wakacheka.

Kila Mama Neema akiulizia video namjibu bado kidogo. Ukweli ilikuwa tayari, imebaki tu kuitoa iwe faili moja. Nilikuwa nahangaika na rangi ya pazia la ukumbi.

Kisha Baba Neema akafukiwa na kifusi duarani, kwenye shimo la machimbo.

Baada ya msiba nikasema sasa nitaimaliza kwa heshima yake. Laptop ilikuwa inaganda, nikapata nyingine. Nikahamisha folder la projects, fonts, settings zote, hadi wallpaper. Nikahesabu mafaili mara tatu.

Ile ya zamani nilimwahidi mdogo wangu. Sipendi kutoa kitu kichafu, hivyo nikafuta drive zote na kuweka Windows upya. Memory card za kamera nilishazirekodia harusi nyingine.

Nikafungua project. Kila mkato upo mahali pake, ila kioo ni chekundu kitupu: Media Offline.

Wenye fani mnajua. Project haibebi video, inakumbuka tu zilipo. Zilikuwa drive D ya laptop ya zamani. Sikuzihamisha.

Nimejaribu software nne za recovery. Zinarudisha vipande visivyofunguka.

Juzi nikaenda kumwambia Mama Neema. Nilieleza weee, mara drive, mara folder, akanikatiza taratibu:

"Hata sauti tu, mdogo wangu? Neema hamkumbuki."

Nikasema hamna.

Halafu akaniambia "wabeja", akanishukuru kwa Kisukuma kwamba nimekuja mwenyewe. Bora angenitukana.

Nilichojifunza: mpe mtu kazi yake hata ikiwa na kasoro. Lile pazia hakuna aliyeliona ila mimi.

Kama kuna mkuu amewahi kuokoa video kwenye SSD, yaani drive ya laptop, iliyofutwa, aniambie alifanyaje. Kama haiwezekani, niambieni pia, niache kuiwasha ile laptop ya zamani kila asubuhi.